Amejaza neno la siri kwenye linki ya "usaili", afanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Mdogo wangu amemaliza ualimu, yuko nyumbani anatafuta kazi. Jana jioni ameletewa barua pepe yenye nembo ya serikali kwamba amechaguliwa kwenda usaili, athibitishe ndani ya saa 24 la sivyo nafasi anapewa mwingine. Akabonyeza linki, akatakiwa namba ya NIDA, barua pepe yake na neno la siri la hiyo barua pepe. Amejaza vyote. Leo asubuhi kapigiwa simu atume 30,000 ya faili. Linki inaanza na ajira.go.tz-usaili.com. Ni ya kweli?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Si ya kweli, na hiyo hela asitume. Ila kinachoniogopesha zaidi ni lile neno la siri, kwa hiyo mpe simu sasa hivi aanze nalo.

Afungue barua pepe yake kwa njia yake ya kila siku, asiiguse tena ile linki. Abadili neno la siri, kisha aviondoe vifaa vyote asivyovitambua kwenye akaunti. Wengi huishia hapo, tapeli akaendelea kusoma barua zao. Aende kwenye kompyuta, afungue mipangilio, aangalie kama kuna anwani ngeni ambako barua zake zinapelekwa kimyakimya, na kama namba ya simu ya kurejeshea akaunti bado ni yake. Halafu awashe uthibitishaji wa hatua mbili. Kama neno hilohilo analitumia Facebook au kwingine, nako abadili.

Sasa linki yenyewe. Jicho linakimbilia ajira.go.tz kwa kuwa imetangulia, na aliyeitunga alitaka iwe hivyo. Anwani ya tovuti tunaikagua kutoka kulia. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha rudi kushoto. Hapa unakutana na .com, nyuma yake tz-usaili. Basi mwenye tovuti ni tz-usaili.com, na yale maneno ya mbele kila mtu anaweza kujiandikia. Tovuti ya serikali yetu jina lake linaishia .go.tz, kikifuata kistari au nukta na maneno mengine, ondoka. Mfumo wa Sekretarieti ya Ajira ni portal.ajira.go.tz. Ukiambiwa umeitwa, andika anwani hiyo kwa mkono wako, uingie, wito uutafute humo.

Hapa dukani kwangu Mwanga vijana wanakuja kuchapa CV, wengine wametoka Kasulu na Buhigwe kwa nauli ya kukopa. Nikiwauliza barua imetoka kwa nani, wananisomea jina. Jina halithibitishi chochote! Liguse kwa kidole hilo jina, anwani kamili itokee, uisome kama nilivyoeleza. Linki nayo ukiibonyeza bila kuachia, inakuonyesha inakokwenda kabla hujaifungua. Msiwasikilize wanaosema barua ya kitapeli utaijua kwa makosa ya tahajia. Siku hizi zinaandikwa Kiswahili safi kabisa. Na ile alama ya kufuli haimaanishi tovuti ni ya mtu mwaminifu. Inasema tu mawasiliano yenu yamefichwa njiani, hata kama unawasiliana na mwizi.

Mwajiri yeyote hana shughuli na neno lako la siri. Akiliomba, hata kama nembo ni ya Ikulu, funga.

Namba iliyompigia asiifute, airipoti TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) kwa ujumbe kwenda 15040. Ya NIDA haibadilishiki kama neno la siri, kwa hiyo apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa namba yake. Akikuta asiyoijua, aende na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika waifute, na arudie kuangalia baada ya wiki chache, kwa sababu taarifa zikishaibwa huenda zisitumike siku hiyohiyo.