Mzee asiyekuja vikaoni, siri iliyovuja na hesabu zisizoonekana

Safari hii maswali yote yametoka kwa wajumbe wa bodi za asasi, watu wanaojitolea bila mshahara.

*Mjumbe wetu mmoja ni mwalimu mstaafu na mwanzilishi wa asasi. Mwaka huu amekosa vikao vitatu kati ya vinne, na mara mbili tumeahirisha kwa kukosa akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kifanyike. Nani amwambie, na vipi?* (Katibu, Morogoro)

Mwenyekiti ndiye amwambie, tena aende mwenyewe nyumbani kwake. Barua isitangulie, na jambo hili lisiguswe kabisa kwenye kundi la WhatsApp. Akishatoa shikamoo na kukaribishwa, aulize hali kabla ya kuuliza vikao. Nilipokuwa mwenyekiti niliwahi kwenda kwa mjumbe nikiwa na barua ya onyo mfukoni, nikamkuta anamuuguza mkewe, aliyelala kitandani miezi mingi. Hakuwa amemwambia mtu. Sisi huku tulikuwa tukimwita mvivu kila tulipofika kwenye yatokanayo na kikao kilichopita. Barua ile nilirudi nayo.

Lakini huruma isiwazuie kusema la kusemwa: "Mzee, usipokuja akidi haitimii, na bajeti haipiti." Kisha mumsikilize. Huenda ataomba mwenyewe kupumzika, na kama katiba yenu ina nafasi ya mlezi, heshima yake itabaki pale pale. Akitaka kuendelea, kubalianeni kikao gani atakuja. Asipokuja tena bila taarifa, fuateni katiba. Katiba nyingi zinasema mjumbe akikosa vikao vitatu mfululizo bila udhuru anapoteza nafasi yake. Kama yenu haisemi hivyo, pelekeni kipengele hicho mkutano mkuu, kianze kwa wote siku moja.

*Bodi ilijadili habari za binti tunayemsomesha ambaye amegundulika kuwa na VVU. Wiki moja baadaye mtaa mzima ulijua. Tunamshuku mjumbe mmoja. Tumfukuze?* (Mwanza)

Kwanza binti. Leo yuko na nani? Shuleni anaendaje? Mtafuteni afisa ustawi wa jamii na mshauri nasaha, na muulizeni binti mwenyewe anataka nini kabla ya kumwamulia kuhama shule. Swali lenu linamtaja mara moja, kisha linageukia kufukuza. Hilo limenihuzunisha.

Pili, jina lake lilifikaje mezani? Bodi ilihitaji kujua kwamba mwanafunzi mmoja anahitaji nauli ya kliniki na lishe ya kiasi fulani, basi. Aliyeandika jina kwenye makabrasha ya kikao, na nyinyi wote mliolisoma mkanyamaza, mlifungua mlango kabla ya huyo mnayemshuku. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kujitolea hakumwondoi mjumbe kwenye sheria hizo.

Sasa mjumbe. Kumshuku mtu si ushahidi. Mwenyekiti na mjumbe mwingine mmoja wamwite kila aliyekuwepo, mmoja mmoja, wamuulize swali lile lile. Akikiri mtu, au ikithibitika, apewe taarifa kwa maandishi, asikilizwe, ndipo kura ipigwe kama katiba inavyotaka. Ikithibitika ningemwondoa, hata kama ndiye anayetuletea wafadhili. Muhtasari uandike tu kwamba alivunja kanuni ya usiri. Habari ya binti isirudiwe humo. Na kila mwanzo wa mwaka someni tamko la usiri kwa sauti, kila mmoja akisikia, kabla ya kutia saini.

*Mweka hazina haleti taarifa ya fedha. Tukimuuliza anajibu, "Mimi si mwajiriwa wenu."* (Arusha)

Ni kweli si mwajiriwa, ila kazi aliikubali. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inataka taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa, na Msajili wa mashirika hayo hatauliza kama mweka hazina analipwa. Mpeni mhasibu kijana wa kumsaidia na tarehe moja ya mwisho. Ikipita, kikao kiteue mwingine na kibadilishe watia saini wa akaunti ya benki siku hiyo hiyo, kwa sababu benki itataka muhtasari wenye uamuzi huo.

*Nikiuliza matumizi ya mradi naambiwa ni siri ya bodi. Mimi ni mjumbe!* (Dodoma)

Basi umefichwa haki yako. Usiri unawalinda watu: wanaohudumiwa, mfanyakazi ambaye shauri lake la nidhamu halijaisha, mtoa taarifa za maovu. Matumizi ya fedha za asasi hayamo humo, na wewe ukiulizwa kesho utawajibika nayo. Mwandikie katibu, taja mradi na miezi unayotaka, ubaki na nakala. Ukikataliwa, omba pingamizi lako liingie kwenye muhtasari, na usisaini muhtasari usiolionyesha. Baada ya hapo kuna mkutano mkuu, kisha Msajili.

*Mume wangu huniuliza tulijadili nini. Na yeye nimfiche?* (Tanga)

Ndiyo, dada. Mwambie mapema, siku ambayo hakuna kikao wala jambo zito, ili asidhani kuna jambo lake unalomficha.