Ukipangiwa Foili: Kwa Wadogo Zangu wa Dawati la Michezo

Wadogo zangu mnaoanza redio hapa Mwanza, mtakuja kupangiwa foili, mojawapo ya aina za mchezo wa upanga. Sisemi labda. Olimpiki ya Paris 2024 ilikuwa na michezo 32, na dawati letu halijawahi kuwa na watu wa kutosha hata robo yake. Riadha wanaichukua wakubwa, ndondi inagombewa, mpira hauachiwi mgeni, na aliyeajiriwa juzi anaambiwa: "Wewe shika ule wa mapanga." Mtaguna, mtaingia kwenye simu kutafuta video, na dakika ya kumi mtakuwa mmechanganyikiwa zaidi ya mlivyoanza. Taa zinawaka pande zote mbili, wachezaji wote wawili wanapiga kelele za ushindi, halafu pointi anapewa mmoja.

Sasa shikeni hili kabla ya lingine lolote: kwenye foili usitangaze taa, mtangaze refa.

Taa inasema tu nani kagusa. Nyekundu na kijani ni mguso halali, yaani ncha imegusa kiwiliwili, mbele au mgongoni. Nyeupe ni mguso nje ya eneo: mkono, mguu, kichwa. Nyeupe haina pointi, lakini inasimamisha mchezo, na hapo ndipo wengi huteleza wakidhani ni hitilafu ya mashine. Mashine yenyewe, ikishanasa mguso wa kwanza, inampa mpinzani sehemu ndogo mno ya sekunde kugusa naye, milisekunde 300, kisha inafunga. Ndiyo maana taa mbili huwaka pamoja mara kwa mara. Kwenye epe, upanga ule mwingine mzito, zikiwaka mbili kila mtu anapata pointi. Kwenye foili, hapana. Refa anaamua nani alikuwa na haki.

Haki hiyo ielezeni kwa kipilefti cha samaki pale mjini. Gari lililokwisha kuingia kwenye mzunguko lina haki ya kupita, na bodaboda anayejipenyeza atagonga kweli, lakini kosa ni lake. Kwenye foili, anayeanza kunyoosha mkono huku ncha ikitishia kiwiliwili cha mwenzake ndiye mwenye haki. Mwingine hana ruhusa ya kuchoma tu. Ni lazima kwanza aukinge ule upanga kwa upanga wake, au arudi nyuma mpaka shambulizi lianguke bure, ndipo haki imhamie. Wakianza wote kwa pamoja kabisa, hakuna pointi, wanarudi mahali pao.

Msikilizaji wa Mwaloni akilielewa hilo peke yake, amekwisha kuwa mpenzi wa foili. Mengine ni mapambo.

Basi macho yako yawe kwenye mikono ya refa. Baada ya kusimamisha pambano anasimulia kilichotokea kwa ishara, akitamka kwa Kifaransa: anaonyesha shambulizi limetoka upande gani, kama limekingwa, jibu limekuja wapi, kisha anainua mkono upande wenye pointi. Hiyo ni sentensi nzima, na kazi yako ni kuisema kwa Kiswahili bila kuongeza chumvi: "Shambulizi kutoka kushoto, limekingwa, jibu la kulia, pointi kulia." Sekunde nne. Kabla hawajaanza andika kwenye karatasi nani yuko kushoto kwenye taa nyekundu na nani kulia kwenye kijani. Barakoa zikishavaliwa huwatofautishi kwa sura, na wote wamevaa nguo zinazofanana.

Kwa mazoezi chukueni fainali ya wanaume ya Paris, Julai 2024, pale Grand Palais: Cheung Ka Long wa Hong Kong na Filippo Macchi wa Italia. Nendeni moja kwa moja kwenye 14-14. Pointi moja inatoa dhahabu. Wanavamiana, taa zinawaka, refa anakwenda kwenye marudio ya video, anarudi, hakuna pointi. Wanaanza tena, tena video, tena hakuna. Mwishowe Cheung anapewa, 15-14, na Waitalia wakalalamikia uamuzi hadi nje ya ukumbi. Zimeni sauti ya video, wekeni simu irekodi, tangazeni kipande hicho wenyewe. Mtaona jinsi mdomo unavyokimbilia kusema "amepata!" mara tu taa inapowaka. Aliyesema hivyo pale Paris alimpa mtu dhahabu zaidi ya mara moja kabla ya wakati. Ngojeni. Kimya cha sekunde mbili redioni hakiui mtu, hasa kama mmeacha sauti ya ukumbi isikike.

Rekodi hiyo mpelekeeni mtu asiyejua chochote, mlinzi wa getini au mama anayetuletea chai, mkamuulize tu: nani kashinda, na kwa nini? Akijibu la kwanza akashindwa la pili, rudieni.

Vifaa. Hapa mtavutika kutania, maana upanga kwa watu wetu ni kitu cha kukata. Foili haikati. Ina urefu usiozidi sentimita 110, uzito chini ya gramu 500, na inahesabu kwa ncha tu. Ncha ina kitufe chenye springi, na kabla ya pambano refa anaweka kijiwe cha gramu 500 juu yake: springi ikishindwa kukiinua, upanga unakataliwa na mchezaji anaonyeshwa kadi ya njano kabla hata hajasalimia. Ni kipande kizuri sana cha kusimulia wakati mnangoja, kuliko kurudia alama. Juu ya nguo nyeupe wanavaa kizibao cha nyuzi za chuma kinachopitisha umeme, na waya unatoka mgongoni hadi kwenye mashine. Ulingo ni ukanda mwembamba wa mita 14, nao ni wa chuma ili ncha ikigusa chini taa isiwake.

Na utani wa "kuuana" uacheni kabisa. Vladimir Smirnov, bingwa wa Olimpiki wa foili mwaka 1980, upanga wa mpinzani ulivunjika ukapenya barakoa yake kwenye mashindano ya dunia huko Roma mwaka 1982, akafariki. Barakoa, nguo na vyuma vya leo vimeimarishwa kwa sababu ya siku ile.

Muundo wa mashindano si mgumu. Pambano la mtoano ni pointi 15 au vipindi vitatu vya dakika tatu, mapumziko dakika moja. Muda ukiisha wakiwa sawa inaongezwa dakika moja, lakini kwanza inapigwa kura ya bahati: mmoja anapewa faida, na dakika ikipita bila mguso, yeye ndiye mshindi. Kura hiyo msiisahau hewani, maana bila hiyo msikilizaji hataelewa kwa nini mmoja anakimbiakimbia nyuma na mwingine anavamia kama kachanganyikiwa. Timu ni watu watatu kwa watatu, mapambano tisa, hadi pointi 45.

Mhariri atauliza, kama wahariri wote, "Sisi inatuhusu nini?" Mjibuni na Alaaeldin Abouelkassem wa Misri, London 2012: alifika fainali ya foili, akafungwa 15-13 na Lei Sheng wa China, akaondoka na fedha. Ilikuwa medali ya kwanza ya Afrika katika mchezo huu kwenye Olimpiki. Baada yake Inès Boubakri wa Tunisia alichukua shaba ya foili ya wanawake Rio 2016, na Paris 2024 Waafrika wawili walipanda jukwaani kwa panga zile nyingine. Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026 nayo ina mchezo wa upanga. Anayetafuta mchezo wa kuubobea wakati wenzake hamsini wanagombania Simba na Yanga, nafasi iko wazi.

Jambo dogo la mwisho, kwa sababu nalisikia likikosewa kila mara. Cheung alishinda Tokyo, akashinda tena Paris, jambo ambalo kwenye foili ya wanaume halikuwa limetokea tangu Christian d'Oriola wa Ufaransa, 1952 na 1956, kwa hiyo mtamsikia sana. Hong Kong ina timu yake na bendera yake, lakini akipanda jukwaani wimbo unaopigwa ni wa China. Usije ukawaambia watu wa Sengerema na Ukerewe kwamba waandaaji wamekosea kanda ya wimbo.