Breki za nyuma za E-Type zimejificha kwenye difu, kwa nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Leicester, nimepata kazi gereji ya magari ya zamani. Nimepewa Jaguar E-Type ya 1962, handbreki haishiki na ikitembea kidogo nyuma kunanuka oili ya kuungua. Nimefungua tairi sijaona breki! Ziko katikati huko, zimebana difu, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma. Walizificha kwa nini, na pedi naweza kubadili bila kushusha difu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na usijione mshamba, mimi mara ya kwanza niliizunguka gari ya hivo na tochi nikidhani kuna mtu kaiba diski.

Hizo breki zimetokea kwenye mbio. Mwaka 1953 kule Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, ile Jaguar ya mbio C-Type ya madereva Tony Rolt na Duncan Hamilton ilikuwa na breki za diski za Dunlop wakati wapinzani bado wako kwenye breki za dramu, na dramu kwenye mbio za saa 24 zikishachemka unakanyaga pedeli mguu unazama tu, sasa mwenye diski anachelewa kukanyaga, anakula kona mwenzake alishaanza kupunguza zamani, basi wakashinda kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Ikaja mdogo wake D-Type ikabeba Le Mans 1955, 1956 na 1957. Ila D-Type nyuma ilikuwa na ekseli moja nzima, tairi la kushoto likipiga tuta, la kulia nalo linasumbuka. Le Mans lami ni laini unaweza usione shida, njia yenye mabonde ndo inakuumbua.

E-Type ilipotoka kwenye maonyesho ya magari ya Geneva 1961 kila tairi la nyuma lilikuwa linacheza peke yake, na hapo ndo diski zikahamia ndani. Kitu chochote kilichofungwa huko kwenye tairi hakijabebwa na springi, kwa hiyo tairi likirushwa kinapanda nalo na springi inahenya kukirudisha chini. Ni sawa na kukimbia na raba au kukimbia na mabuti yamejaa tope. Wakatoa diski na kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) kwenye tairi wakazifunga kwenye difu, na difu lenyewe liko ndani ya fremu ya chuma inayoning'inia kwenye bodi kwa raba nne. Tairi likabaki jepesi, linang'ang'ania barabara. Halafu ile shafti inayotoka difu kwenda tairi wakaifanya iwe pia ndo mkono wa juu wa saspensheni, mkono wa chini ndo uko peke yake. Mimi hapo huwa nawavulia kofia, kifaa kimoja kazi mbili.

Sasa gharama yake ndo hiyo harufu unayoisikia. Diski inachemka sentimita chache tu kutoka kwenye sili za difu, yaani raba za kuzuia oili isitoke, miaka inaenda sili inakauka inakuwa ngumu kama plastiki, oili inavuja moja kwa moja kwenye diski. Kwa hiyo pedi ndiyo, unaweza kubadili kwa chini ukiwa na lifti na uvumilivu, lakini kwa gari yako ni kupoteza hela, pedi mpya nazo zitalowa. Anza na tundu la kupumulia la difu, likiziba kwa uchafu presha inajaa ndani inasukuma oili itoke, nimewahi kukuta hivo zaidi ya mara moja. Liko safi? Basi shusha fremu nzima. Unafungua propela (shafti inayoleta nguvu kutoka gia boksi), ekzosi, mpira wa breki, kebo ya handbreki, ile mikono miwili mirefu inayoshika sakafu ya bodi, halafu zile raba nne, jeki iwe chini tayari na mwenzako awepo maana ni zito hilo dude. Hiyo mikono mirefu taratibu tafadhali, bushi yake ya mbele huwa imeoana na kutu, ukiivuta kwa nguvu unang'oa na kipande cha sakafu.

Ikishakuwa mezani badilisha sili pande zote mbili hata kama inavuja moja, na beringi zake uzicheki kama zina mchezo. Kati ya diski na shafti utakuta shimu, vipande vyembamba vya chuma vya kuweka nafasi, usizitupe wala usizichanganye, kila upande na bahasha yake iliyoandikwa, maana shafti ni mkono wa juu kwa hiyo hizo shimu ndo zinaamua tairi lisimame wima au lilale. Boliti za kalipa zilifungwa na waya zisilegee, rudisha waya mpya.

Handbreki ina kalipa zake ndogo peke yake juu ya zile kubwa, nazo hukwama kwa kutu kwa sababu hakuna anayezifikia. Zifungue, zisafishe, ujaribu kwa mkono kama zinajikaza zenyewe kabla hujapandisha chochote, la sivyo utashusha tena wiki ijayo.