Springi za Land Rover zimeshikana kwa kutu: nizitie maji ya betri?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia Land Rover 109, imelala uani miaka sita, na bahari iko nyuma ya nyumba. Springi za nyuma zimevimba kutu, pleti zote, vile vyuma bapa vilivyopangana, zimekuwa kitu kimoja. Kijana wa gereji anataka kuzilowesha kwenye maji ya betri, ati zitatoka zinang'aa. Nimruhusu? (Mwana wa Dereva, Bagamoyo)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Kijana mwambie ayarudishe maji yake kwenye betri.

Kung'aa zitang'aa. Hata mimi nilifanya hivyo ujanani, huku Ngamiani, Tanga, nikamkabidhi mteja springi nyeupe kama vijiko vya harusi. Wiki haikuisha, pleti kuu ikakatika njia ya Pangani gari likiwa na magunia ya chumvi. Haikupinda kwanza, ilikatika kavu, kama muhogo. Asidi ikikutana na chuma huzaa haidrojeni, nayo hupenya ndani ya chuma ikakifanya kikatike kirahisi. Chuma laini huvumilia. Cha springi kimekazwa kwa moto, hakivumilii, na kwa macho huoni kitu.

Wewe anza na maji matamu mengi. Chumvi ikibaki humo itavuta unyevu, kutu irudi hata chini ya rangi. Zikikauka, mwagia dizeli uziache siku mbili. Kabla hujagusa bolti ya katikati, ile inayoshika pleti zote pamoja, bana springi kwa klampu mbili, moja kila upande, maana pleti hazikupindwa sawasawa na zimekaa kwa kusukumana. Ukilegeza hivihivi zinafyatuka. Kidevu changu ni shahidi. Tia alama upande wa mbele, bolti hiyo si lazima iwe katikati hasa.

Kutu itoe kwa kukwangua na brashi ya waya. Jiwe la grenda sitaki kulisikia: linaacha michirizo, na ufa hupenda kuanzia kwenye mchirizo. Chuma kikigeuka bluu, umeshakipika.

Sasa kazi yenyewe. Pitisha ukucha pleti nzima. Ukinasa kwenye kishimo, hasa upande wa juu unaovutwa gari likibeba mzigo, badilisha pleti hiyo. Kisha paka mafuta ya taa kuzunguka tundu la bolti na karibu na jicho, ule mviringo wa mwisho wa pleti kuu, ngoja kidogo, futa hadi pakauke, halafu sugua chaki nyeupe. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatajitokeza, utaona mstari mweusi mwembamba kama unywele. Ukiuona, usiruhusu mtu achomelee. Moto wa kuchomelea unaharibu ukali wa chuma, itakatika pembeni ya weldi.

Zilizosalimika zipake rangi ya kuzuia kutu, nyepesi, na katikati ya pleti tia grisi yenye grafaiti. Bolti za U, zinazofunga springi kwenye ekseli, nunua mpya, zile za zamani zimeshavutika. Bolti za bushi, ile mipira ya kwenye macho ya springi, uzikaze mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake; ukizikaza likiwa kwenye jeki, mpira wa bushi utakaa umejisokota na hautadumu.

Pleti mbovu usizitupe. Mhunzi yeyote atazipokea kwa mikono miwili, panga zuri linatoka humo.