Gari langu la otomatiki litasamehewa ushuru?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu wa sekondari, mkazi wa Mbagala. Mwaka 2019 nilikatwa mguu wa kulia juu ya goti kutokana na ajali ya pikipiki, na tangu hapo kugombea daladala alfajiri nikiwa na magongo kumenishinda. Nimedunduliza fedha ili niagize gari dogo la otomatiki kutoka Japani, kisha fundi wa Gerezani anihamishie pedali ya mafuta upande wa kushoto. Nimesikia kwamba watu wenye ulemavu husamehewa kodi za gari. Ni kodi zipi, na ninaombaje? Je, ada ya leseni ya gari ya kila mwaka nayo nitasamehewa?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Ndugu Mwalimu, pole kwa yaliyokupata, na hongera kwa kuuliza kabla hujatuma fedha Japani.

Nianze na swali lako la mwisho. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, ikabaki kulipwa mara moja gari linaposajiliwa, na pengo lake likazibwa kwa kuongeza shilingi 40 katika ushuru wa kila lita ya mafuta. Kwa hiyo hakuna cha kuombea msamaha hapo. Kwa maoni yangu, mabadiliko hayo yaliwapunguzia wengi usumbufu, lakini mtu asiyeweza kutembea hadi kituoni, ambaye gari ndiyo miguu yake, hulipa kwenye pampu sawa na mwenye gari la starehe, na jambo hilo lastahili kutazamwa upya.

Msamaha unaokuhusu hasa ni wa ushuru wa forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tano, inataja miongoni mwa vitu vinavyosamehewa vifaa vilivyobuniwa mahususi kwa matumizi ya watu wenye ulemavu, likiwemo gari moja. Naomba uyasome tena maneno hayo, kwa sababu wengi husikia neno "ulemavu" wakadhani limetosha. Sheria inamtazama mtu, lakini inalitazama na gari lenyewe. Gari la kawaida la otomatiki, linaloshuka bandarini bila badiliko lolote, ni vigumu kulitetea kuwa limebuniwa mahususi kwa ajili yako, hata kama fundi wako wa Gerezani ni hodari na anakusubiri. Ukiweza, mwambie muuzaji pedali ihamishwe huko huko Japani na badiliko hilo liandikwe kwenye ankara. Au tafuta gari lililotoka kiwandani likiwa na marekebisho, kama yale ya Toyota yanayoitwa Welcab. Angalia tu, kwani mengi ya hayo yana kiti kinachoteremka au njia ya kupandishia kiti cha magurudumu kwa ajili ya abiria, ilhali wewe unataka kuendesha mwenyewe.

Tufanye hesabu. Gari lenye thamani ya shilingi milioni 10, pamoja na usafirishaji na bima, hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, yaani milioni 2.5. Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 18, nayo hukokotolewa juu ya thamani ikiwa imeshajumlishwa na ushuru. Ukisamehewa ushuru wa forodha peke yake, kodi hiyo bado haitapungua milioni 1.8, mbali na ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini na umri wa gari. Kodi ya Ongezeko la Thamani ina sheria yake, ya mwaka 2014. Kwa hiyo unapokwenda Idara ya Forodha ya Mamlaka ya Mapato, uliza kila kodi kwa jina lake na uombe ujibiwe kwa maandishi.

Katika maombi yako ambatisha taarifa ya daktari bingwa wa mifupa, kwa mfano kutoka Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili, ikieleza si kukatwa mguu tu bali ni kwa nini huwezi kuendesha gari lisilorekebishwa. Weka pia nakala ya kitambulisho cha Taifa, namba ya mlipakodi, leseni ya udereva, ankara na picha za pedali. Maombi yatangulie meli, kwa sababu msamaha wa kodi haufuti gharama za bandari, na gari likikaa bandarini likisubiri majibu, gharama za uhifadhi huongezeka na kula akiba yako.

Jambo moja zaidi, maana najua ndugu na jamaa watakushauri vingine. Gari lililosamehewa ni lako kwa matumizi uliyoyaombea. Ukiliuza kwa mtu asiye na haki hiyo, au likigeuzwa teksi, ushuru uliosamehewa utadaiwa. Kwa hiyo siku ukitaka kuliuza, rudi kwanza Forodha kabla hujapokea fedha ya mnunuzi.