Uhai unaanza lini? Majibu kwa barua zenu

Tangu tuguse suala la kutoa mimba, barua zimemiminika, nyingine za hasira. Niseme mapema ninaposimama: naamini kinachokua tumboni ni binadamu tangu mwanzo, na kukitoa si jambo jepesi. Ila naona tunachanganya maswali matatu: uhai ulianza lini, una haki gani, na serikali imfanye nini mwanamke. Aliyejibu la kwanza bado hajajibu la tatu.

Kwa nini tusiwaulize wanasayansi, ubishi uishe? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Iringa)

Wameshajibu, mwanangu, kwa upande unaowahusu. Yai likikutana na mbegu ndani ya mrija, kinatokea kiumbe kipya chenye vinasaba vyake. Baada ya wiki moja hivi kinajishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Mapigo ya moyo huonekana kwenye ultrasaundi karibu wiki ya sita, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hayo hayabishaniwi.

Kinachobishaniwa ni kama kiumbe cha siku tatu kinastahili ulinzi sawa na wewe, na hilo hakuna hadubini inayolionyesha. Sisi wenye msimamo huu nasi tuna maswali ya kujibu. Mayai mengi yaliyorutubishwa hupotea kabla mama hajajua ana mimba. Kiinitete kinaweza kugawanyika kuwa mapacha hadi karibu siku ya 14. Kama alikuwa mtu mmoja tangu saa ya kwanza, imekuwaje sasa ni wawili? Kwangu, shaka ya namna hiyo inadai uangalifu zaidi, si ruhusa. Lakini anayeliuliza swali hilo si mpotovu.

Assalaam alaykum. Barazani kwetu wanasema kabla ya siku 120 hakuna dhambi. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Wa alaykum salaam. Hesabu hiyo inatokana na Hadithi aliyoipokea Ibn Mas'ud, sahaba wa Mtume: siku 40 tone, 40 pande la damu, 40 pande la nyama, kisha malaika anatumwa kupuliza roho. Baada ya hapo wanazuoni wanakubaliana kuwa ni haramu, ila wengi wa leo huruhusu pale ambapo uhai wa mama hauokoki kwa njia nyingine. Walikotofautiana ni kabla yake. Wapo wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi walioruhusu kukiwa na udhuru. Wa madhehebu ya Maliki walio wengi walikataza tangu mwanzo. Na kwa kuwa pwani yetu ni ya Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Shafi, wakumbushe wenzako kwamba Imamu Ghazali, Mshafii, aliliona ni kosa tangu mimba inapotunga, na uzito wake unazidi kadiri mimba inavyokua. Kwa hiyo wasemao "hakuna dhambi" wamechukua nusu ya maneno.

Tazama pia tunavyozika. Mimba ikiharibika baada ya miezi minne, huoshwa, huvishwa sanda na kuzikwa. Iliyo changa zaidi haioshwi, lakini nayo huviringishwa kitambaa ikazikwa. Haitupwi.

Padri anasema Kanisa halijabadilika kamwe kuhusu jambo hili. Jirani yangu Mlutheri anabisha. (Mama, Moshi)

Kila mmoja ana lake la kweli. Katazo lipo tangu karne za mwanzo za Ukristo. Kilichobadilika ni maelezo na adhabu. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, akimfuata mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, alidhani roho yenye akili huja baadaye, ingawa kutoa mimba aliona ni dhambi hata kabla ya hapo. Papa Sixtus V alifuta tofauti ya adhabu kati ya mimba changa na iliyokua mwaka 1588, Gregory XIV akairudisha 1591, Pius IX akaiondoa 1869.

Katiba yetu yasema uhai huanza mimba inapotungwa. Mbona mahakama iliruhusu kuitoa? (Msomaji, Kisumu)

Soma Kifungu cha 26 hadi mwisho. Sehemu ya pili inasema hivyo, kweli. Ya nne inakataza kutoa mimba isipokuwa mhudumu wa afya aliyehitimu akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Wakenya walipitisha yote mawili kwa kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, huku viongozi wengi wa makanisa wakipinga. Kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2019 ilimhusu binti aliyebakwa, akatolewa mimba kwa njia isiyo salama, akateseka na hatimaye akafa. Majaji walisema mimba ya ubakaji inaweza kutolewa ikiwa mtaalamu ataona inahatarisha uhai au afya ya mama.

Kwetu Tanzania Kanuni ya Adhabu ni kali: jela miaka hadi 14 kwa anayemtoa mwingine mimba, hadi saba kwa mwanamke mwenyewe. Hata hivyo inamlinda daktari anayepasua kwa nia njema kuokoa uhai wa mama. Na sheria hiyo hiyo inasema mtoto huwa mtu anayeweza kuuawa pale anapokuwa ametoka mzima tumboni mwa mama yake. Ndugu zangu mnaomwita binti "muuaji" mnamtwisha kosa ambalo hata sheria hiyo ya kikoloni haikumtwisha.

Mgonjwa akija anavuja damu nami nashuku ameitoa mwenyewe, nianze na polisi? (Nesi, Singida)

Anza na damu. Huduma baada ya mimba kuharibika ni haki yake, iwe iliharibika yenyewe au la. Akiogopa kukuambia alichomeza, utampoteza.

Mwanafunzi wangu ana mimba na ameniambia anataka kuitoa. Nimwambieje? (Mwalimu, Mbeya)

Usianze na jela, mwalimu. Mwambie kwamba tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi shuleni; wengi hawajui, na hofu ya kufukuzwa ndiyo inayowasukuma kwa mganga wa uchochoroni. Muulize mimba ilipatikanaje, maana akiwa alilazimishwa au ni mtoto, kuna mtu wa kushtakiwa na si yeye. Kisha nenda naye kliniki wiki hii hii, na kama anaogopa kwao, ongozana naye siku ya kumwambia mama yake.