Ukitaka jino lililozibwa likae, mpe daktari muda

Mgonjwa akikaa kwenye kiti changu hapa Sinza, swali huwa lilelile: "Dokta, hii nikiziba itakaa miaka mingapi?" Kabla sijajibu, naangalia tundu liko wapi na limechimba hadi wapi.

Kwenye enameli, lile ganda gumu la nje, gundi inayoshikiza dawa ya kuziba haina shida. Mwaka 1955 Michael Buonocore, daktari wa meno wa Marekani, alionyesha kwamba asidi ya fosforiki huikwaruza enameli ikapata vishimo vidogo vya kushikwa, na mpaka leo tunatumia njia hiyo. Kazi iko chini yake, kwenye dentini, lile tabaka laini zaidi la ndani. Humo mna maji, nyuzi za kolajeni na vijitundu vinavyopitisha unyevu kutoka ndani ya jino. Gundi inatakiwa ipenye katikati ya nyuzi hizo mpaka chini. Isipofika, nyuzi zilizobaki wazi huliwa na vimeng'enya vilivyomo ndani ya jino lenyewe, na maji nayo huichosha gundi taratibu. Ndiyo maana dawa inaweza kushika vizuri mwaka mzima, halafu siku moja unatafuna ugali tu, inatoka.

Gundi hupimwa hasa shingoni mwa jino, karibu na fizi, kwa sababu hapo hakuna kuta za kuishikilia dawa. Gundi zinazopakwa kwa hatua tatu, na za hatua mbili zenye asidi laini, zimedumu kuliko nyingi za kwanza zilizobana kila kitu kwenye chupa moja. Saruji ya glasi, aina nyingine ya dawa ya kuziba, haipendezi sana kwa rangi, lakini inashikana na kalisi ya jino moja kwa moja, na hapo shingoni mara nyingi ndiyo ninayoichagua.

Hata hivyo, kuliko jina la chupa, naogopa zaidi mate na haraka. Joto la Dar nalo halisaidii: gundi nyingi zina spiriti au asetoni, chupa ikiachwa wazi inapungua nguvu. Kwa hiyo tone nalidondosha mwisho kabisa, jino likiwa tayari. Nasugua kwa kibrashi kama sekunde 20, kisha napuliza hewa polepole huku nikiangalia ule utando unaong'aa. Ukiwa bado unatembea, taa ya bluu ya kuigandisha gundi haiwashwi. Mama mmoja mtu mzima aliwahi kunilalamikia, "Mwanangu, mbona unanikausha mdomo hivi?" Nilimwomba anivumilie, akavumilia.

Kwa hiyo usipange kuziba jino katikati ya mapumziko ya mchana huku bosi anakupigia simu. Muulize daktari kama ana kitambaa cha mpira cha kulitenga jino. Kama hana, pamba zibadilishwe kila zikilowa. Tundu likiwa shingoni, acha mswaki mgumu na kusugua kwa nguvu kwenda na kurudi, la sivyo tutaziba palepale tena.

Na ukiona ukingo wa dawa umekuwa wa kahawia, usikubali haraka dawa yote ichimbuliwe. Rangi peke yake haimaanishi jino limeoza. Uliza kama inatosha kusafisha au kurekebisha hapo tu, kwa sababu kila tunapochimbua dawa yote, tunakata na sehemu ya jino isiyo na ubovu kidogo.